Wajuao Kuogelea Watangulie

Somo: Matendo ya Mitume 27:39–44

Wapendwa katika Bwana, ninyi wa Bukoba mjini na vijijini, ninyi wa Muleba nchi kavu na ninyi wa visiwani, Bumbire, Goziba, Kerebe, Ikuza na Mazinga, nasema nanyi.

Fungueni Matendo ya Mitume sura ya 27, tusimame kwenye aya za mwisho. Wengi wetu huzipita mbio, tuna haraka ya kufika Malta kumwona Paulo akimkung'utia nyoka motoni. Leo hatupiti. Meli imepigwa na tufani kwa majuma mawili. Omo imenasa mchangani haitikisiki, na huku nyuma mawimbi yanaifumua tezi. Askari wanashauriana kuwaua wafungwa, wasije wakaogelea wakatoroka. Akida anakataa, kwa ajili ya Paulo. Kisha anatoa amri ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila mwalo wa wilaya zetu: wanaojua kuogelea wajitose kwanza wafike nchi kavu, na waliosalia wafuate, huyu juu ya ubao, yule juu ya kipande cha meli. Wote wakafika. Luka alikuwa amekwisha kuwahesabu, watu 276. Waliopanda 276, waliotoka majini 276.

Ahadi na mabega ya watu

Angalieni mambo yalivyofuatana. Usiku, malaika alikuwa amesimama karibu na Paulo akamwambia kwamba Mungu amempa wote wanaosafiri pamoja naye. Ahadi ilikwisha kutoka. Kama ni imani, Paulo alikuwa nayo. Angeweza kuwaambia watu wakunje mikono wangoje muujiza. Hakuwaambia hivyo. Mabaharia waliposhusha mashua kwa hila wapate kutoroka, ni Paulo huyo huyo aliyemwonya akida kwamba hao wakiondoka, hakuna atakayeokoka. Aliyepokea ahadi ndiye aliyedai wenye ujuzi wabaki kazini! Kulipokaribia kupambazuka akawasihi wale chakula wapate nguvu. Na kulipokucha, wajuao kuogelea wakatangulia.

Mungu aliwaokoa watu 276 kwa neno lake, na neno hilo lilipita katika mabega ya watu waliojua kukata maji. Hao hawakujifunza asubuhi ile ya tufani. Miaka mingi kabla, katika mto fulani au pwani fulani, mtu mzima alimshika mtoto tumboni, akamwambia: piga miguu, usiogope, nimekushika. Luka hakumwandika mtu huyo. Wala mwenyewe hakujua kwamba alikuwa akiandaa wokovu wa Malta. Baba wa Nyamukazi, mama wa Kemondo, mjomba wa Bumbire, Mungu anakutafuta wewe uwe mtu huyo.

Neno langu la leo ni moja, nalisema bila kulizungusha. Mtoto anayekulia kando ya Ziwa Victoria afundishwe kuogelea kabla hajamaliza shule ya msingi, wa kiume na wa kike. Na kanisa liishike kazi hii kwa uzito ule ule linaoshikia mafundisho ya kipaimara. Tunambatiza mtoto kwa maji, tunamlea kando ya maji, tunamtuma kuchota maji, tunampandisha mtumbwi. Kisha siku maji yanapomfunika hatujawahi kumfundisha hata kuelea chali! Wapendwa, upendo wa namna hiyo una pengo, na katika pengo hilo watoto wetu wanazama.

Kijana wa Budapest

Nawapeleka mbali kidogo, Hungaria, nchi ya Ulaya isiyo na bahari, kama mkoa wetu usivyo na bahari. Wao wana mto Danube, na wana ziwa Balaton, ambalo Victoria yetu yenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 inalizidi zaidi ya mara 100.

Katika mji wa Budapest, Februari 1, 1878, alizaliwa mvulana wa Kiyahudi aliyeitwa Arnold Guttmann. Alipokuwa na miaka 13, baba yake alizama katika mto Danube akafa. Akina mama mnaonisikia, wengi wenu mnajua nyumba inavyokuwa siku hiyo. Na mnajua mtoto wa aliyezama huambiwa nini kwetu. Huambiwa: usikanyage tena ziwani. Tunamfungia mlango wa maji tukidhani tumemwokoa, naye anakua akiyaogopa maji asiyoweza kuyakwepa, kwa maana shamba liko huku, shule iko kule, na katikati kuna ziwa.

Mvulana yule alifanya kinyume. Aliamua kwamba maji yaliyomchukua baba hayatamchukua mwana. Akaenda majini akajifunza, akajifunza tena, mpaka akawa bingwa. Dunia ikamjua kwa jina la Alfréd Hajós.

Aprili 1896, Michezo ya Olimpiki ya kwanza ya zama zetu ilifanyika Athens. Hajós alikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa usanifu majengo, na chuo chake kilimpa ruhusa kwa shingo upande. Bwawa halikuwepo. Waogeleaji walipelekwa kwenye ghuba ya Zea karibu na Piraeus, wakachukuliwa kwa vyombo mpaka kwenye maji makuu, wakaachwa huko waogelee kurudi. Maji yalikuwa na baridi ya nyuzi 13 hivi, na mawimbi yalikuwa marefu kuliko kimo cha mtu. Kijana alijipaka mafuta mazito mwili mzima apate kustahimili. Akashinda mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 22.2. Siku hiyo hiyo, Aprili 11, akaingia tena kwenye mita 1,200, akashinda kwa dakika 18 na sekunde 22.2, akimwacha wa pili kwa zaidi ya dakika mbili na nusu. Baadaye alisimulia kwamba katika mbio zile ndefu hamu ya kushinda ilimtoka, ikabaki nia moja tu, ya kufika nchi kavu akiwa hai.

Mwana wa aliyezama akawa bingwa wa kwanza wa Olimpiki katika historia ya Hungaria. Inasimuliwa kwamba mwana wa mfalme wa Ugiriki alimuuliza alijifunza wapi kuogelea vizuri namna ile, naye akajibu: majini. Tulikumbuke jibu hilo, tutalihitaji.

Aliporudi chuoni, mkuu wake alimwambia kwamba medali zile hazimhusu, yeye anasubiri majibu yake ya mtihani. Hajós akarudi kwenye vitabu akawa msanifu majengo. Mwaka 1924 mjini Paris, enzi ambazo Olimpiki ilishindanisha pia kazi za sanaa, yeye na mwenzake Dezső Lauber walipata medali ya fedha kwa ramani ya uwanja wa michezo. Na mwaka 1930 likafunguliwa jengo aliloliwekea moyo wake wote: bwawa la kitaifa la kuogelea katika Kisiwa cha Margit. Kisiwa hicho kiko wapi? Kiko katikati ya mto Danube. Katikati ya mto uliomzamisha baba, mwana alijenga mahali ambapo watoto wa wenzake watafundishwa kuogelea. Alifariki Novemba 12, 1955, na bwawa hilo likaja kupewa jina lake.

Hivi ndivyo mtu anavyoujibu msiba, wapendwa! Taifa lake likachuma matunda. Mwaka 1988 kule Seoul, msichana wa Budapest mwenye miaka 14, Krisztina Egerszegi, alishinda medali ya dhahabu ya mita 200 kwa mtindo wa chali. Kufikia mwaka 1996 alikuwa nazo tano za mashindano ya mtu mmoja mmoja. Miaka 14! Mabinti zetu wa umri huo wanashuka ziwani kila asubuhi na ndoo, maji yakiwafika magotini wanageuka.

Wala msiseme hayo ni ya Wazungu. Tanzania imepeleka waogeleaji Olimpiki: Magdalena Moshi London 2012 na Rio 2016, Hilal Hemed Hilal Rio 2016, Collins Saliboko na Sophia Latiff Paris 2024. Watoto wa nchi hii wanaweza. Nami nikiomba mtoto wa Goziba aogelee, sitangulizi medali. Medali Mungu akipenda ataongeza. Naomba arudi nyumbani ale chakula cha usiku na ndugu zake.

Tuliyoyaona wenyewe

Sasa turudi kwetu, palipo na maumivu.

Jumanne, Mei 21, 1996. Sitasimulia kwa urefu, kwa maana katika kata zetu kuna nyumba zinazoijua siku hiyo kuliko mimi. Meli ya MV Bukoba iliondoka hapa Bukoba, ikapitia Kemondo ikaongeza watu, ikasafiri usiku kwenda Mwanza, na asubuhi, mji ukiwa umekaribia, ikapinduka. Ilikuwa meli ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa namna nyingi, zaidi ya 800, wengine wakisema karibu 1,000. Luka aliwahesabu watu katika meli ya wafungwa, karibu miaka 2,000 iliyopita. Sisi katika mwaka 1996 maskini wetu wa daraja la tatu hatukuwaandika!

Meli ile ilielea kwa muda ikiwa imepinduka, na watu walikuwa hai ndani yake. Ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka kwenye tundu, meli ikazama na waliomo. Waliotoboa walikuwa na huruma, hilo halina shaka. Huruma ilikuwepo, maarifa ya maji yalipungua. Hosea aliwalilia watu wa Mungu wanaoangamia kwa kukosa maarifa, nasi tulikuwa na sababu ya kulia naye.

Nisieleweke vibaya. Aliyefungiwa chumbani ndani ya meli iliyopinduka, kuogelea peke yake kusingemtoa. Kujaza chombo kupita kiasi ni dhambi, na mwenye chombo anayejaza watu kwa ajili ya nauli atajibu mbele za Mungu hata kama kila abiria anaogelea kama Hajós. Miaka 22 baadaye, Septemba 20, 2018, dhambi ile ile ilirudi kisiwani Ukara, kwenye kivuko cha MV Nyerere. Uwezo wake ulikuwa watu 101, waliokufa walikuwa 228. Kilipinduka karibu kabisa na gati, ndugu waliokuja kuwapokea wakitazama. Pale, wapendwa, karibu vile na nchi kavu, kujua kuelea dakika chache na kukata maji makumi ya mita ni tofauti kati ya mtu na marehemu.

Kisha Novemba 6, 2022, Jumapili, kabla ya saa tatu asubuhi, muda wa ibada ya kwanza. Ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam, yenye watu 43, iliangukia ziwani ikikaribia uwanja wetu wa Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 walipona. Nani alitangulia kufika? Wavuvi! Walifika na mitumbwi na makasia. Miongoni mwao alikuwako kijana wa miaka 20, Majaliwa Jackson, ambaye nchi nzima ilimjua siku hiyo. Alihangaika na milango ya ndege ile mpaka akaumia akazimia, akazindukia hospitalini. Serikali ikamtunza, ikampa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu wengine walisimama majini wakishika kamba, wakaivuta ndege kwa nguvu za mikono.

Amri ya akida wa Kirumi ilitimia mbele ya macho yetu. Waliojua maji walitangulia, na wengine wakapona kwa ajili yao. Jiulizeni: kama siku hiyo hata wavuvi wangekuwa wageni wa maji, 24 wale wangekuwa wangapi?

Lakini misiba yetu mingi haifiki redioni. Usiku wa giza la mwezi mitumbwi ya dagaa inatoka na taa zake, unaziona toka mlimani zimetapakaa ziwani. Upepo unageuka. Asubuhi mtumbwi mmoja haurudi mwaloni, na vijana wanne hawana makaburi katika kibanja cha baba zao. Mtoto anafuata kandambili iliyochukuliwa na wimbi, hatua tatu, ya nne hakuna chini. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 duniani walikufa kwa kuzama, na robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Nyuma ya kila hesabu ya namna hiyo kuna mama aliyekaa chini akiwa amefunga kanga tumboni.

Masingizio yavunjwe

Najua mnayoyasema mkiwa njiani kurudi nyumbani. Niyajibu hapa hapa.

Mnasema: siku yake ilikuwa imefika. Ndugu yangu, siku za watu ziko mikononi mwa Mungu, wala hukupewa wewe uzitumie kufunika uzembe. Mungu huyo huyo, katika Kumbukumbu la Torati 22:8, alimwamuru kila anayejenga nyumba aweke ukingo kwenye dari, mtu asije akaanguka na nyumba ikabeba damu yake. Hakusema aangukaye siku yake imefika. Alisema jenga ukingo! Ziwa ndilo dari letu, na ukingo wake ni mtoto aliyefundishwa.

Mnasema: ziwa lina wenyewe, limechukua wake. Wazee wetu wa Kihaya walimtaja Mugasha, mwenye ziwa na dhoruba. Matambiko tumeyaacha, hofu tumebaki nayo. Natangaza kwa jina la Yesu, aliyeukemea upepo wa Galilaya ukatulia: ziwa ni la Bwana, na aliyelifanya hadai watoto wetu wawe kodi yake. Msiliogope. Lijueni, mliheshimu, muwafundishe watoto kulivuka.

Mnasema: binti kuogelea ni aibu. Aibu ni kumzika. Kule Nungwi, Zanzibar, kupitia mradi wa Panje, wasichana wa Kiislamu wamefundishwa kuogelea na walimu wanawake, wamevaa mavazi yanayositiri mwili wote. Stara haikupotea na uhai ukapatikana. Ndugu zetu Waislamu wana usia wa kale unaonasibishwa na Khalifa Umar, wa kuwafundisha watoto kuogelea. Marabi wa Kiyahudi walipoandika wajibu wa baba kwa mwanawe, kama kumfundisha Torati na kazi ya kujipatia riziki, wapo walioongeza: na kuogelea. Sisi Wakristo wa kando ya ziwa tutakuwa wa mwisho mpaka lini?

Mnasema: kuna kichocho, kuna mamba na viboko. Hapo mna haki, na anayefundisha watoto bila kujali hayo anawatia hatarini. Basi chagueni mahali kwa hekima. Epukeni matete na maji yaliyotuama, maana konokono wa kichocho hukaa humo. Tafuteni ufuko wa wazi wenye mchanga au mawe, unaopigwa na mawimbi, ambao wavuvi wanajua hauna wanyama. Dawa za kichocho zikigawiwa shuleni, mtoto azimeze. Akikojoa damu, au akiona damu kwenye choo kikubwa, apelekwe zahanati. Lakini msitaje kichocho siku ya somo la kuogelea tu, huku mtoto anaingia maji hayo hayo kila siku kufua na kuchota.

Mnasema: hatuna bwawa. Hapa ndipo tunapolihitaji jibu la kijana wa Budapest. Bingwa wa kwanza hakuogelea bwawani, aliogelea baharini, kwenye baridi ambayo ziwa letu haliifikii. Alijifunza wapi? Majini. Maji Mungu ametupa tele.

Mambo ya kutenda

Sasa sikieni kazi.

Kwanza, somo la kwanza ni kuelea chali. Mtoto aingie maji yanayomfika kiunoni, pamoja na mwalimu, si peke yake. Mwalimu amshike kwa viganja viwili chini ya mgongo. Masikio yazame kabisa, macho yatazame mawinguni, tumbo lipandishwe juu, pumzi ivutwe ijae kifuani. Atakakamaa, atataka kuinua kichwa, na kichwa kikiinuka miguu inazama. Mwambie alegee. Viganja vishuke kidogo kidogo mpaka aone mwenyewe kwamba maji yanambeba. Mtoto anayeweza kuelea hivyo kwa dakika chache na kupiga miguu polepole kuelekea nchi kavu amepewa nafasi ya pili ya kuishi. Mitindo na mbio vitakuja baadaye.

Pili, fundisheni kuokoa bila kufa. Mara ngapi tumezika wawili, aliyezama na aliyemrukia? Anayezama hushika chochote kwa nguvu zote, humzamisha hata kaka yake. Kila mwalo uwe na dumu tupu lililofungwa kizibo barabara, lenye kamba ndefu, limetundikwa mahali pa wazi ambapo halichukuliwi kwenda kununulia mafuta. Mtu akizama: piga kelele, mrushie dumu, mfikishie kasia au mti mrefu, vuta. Kuruka majini ni kwa aliyefunzwa.

Tatu, jaketi okozi livaliwe. Nimeyaona yamekaliwa kwenye mbao za mtumbwi, nimeyaona yamefungiwa stoo yasichakae. Jaketi lisilo kifuani halimwokoi mtu. Mwenye mtumbwi Mkristo, usiondoe chombo mwaloni mpaka umevika kila kifua. Na andika majina! Daftari la shilingi chache, majina ya wote, libaki kwa mtu wa nchi kavu. Luka alihesabu, nawe hesabu.

Nne, mtoto asiyetimiza miaka mitano tusimdanganye kwa masomo. Dawa yake ni macho ya mtu mzima. Mialo yetu ina akina mama wanaoanika dagaa tangu alfajiri, watoto wakitambaa kando ya maji. Kila usharika wenye chumba ufungue mahali pa kulelea wadogo hao saa za kazi, penye mlango na komeo. Visima vifunikwe na ndoo zisiachwe na maji sakafuni.

Tano, tuchange kabla ya msiba. Akizama mtu, jioni hiyo hiyo tunachanga: turubai, jeneza, mafuta ya boti ya kutafuta mwili, chakula cha waombolezaji. Tuna mioyo mikubwa ya kuzika! Naomba nusu ya moyo huo upelekwe kwa walio hai. Michango ya matanga moja inanunua majaketi, kamba na madumu ya mwalo mzima.

Wa kutuongoza wapo. Kuna vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) kwenye mialo, kuna maofisa uvuvi, kuna Zimamoto na Uokoaji, kuna TASAC wanaokagua vyombo, kuna shirika la EMEDO la Mwanza linalofanya kazi ya kuzuia watu kuzama katika ziwa letu. Umoja wa Mataifa mwaka 2021 uliitenga Julai 25 kuwa siku ya dunia ya kuzuia kuzama. Iingizwe kwenye kalenda za sharika, parokia na misikiti yetu. Siku hiyo tuwaombee waliozama kwa majina, kisha tushuke wote ufukoni tukafundishe.

Agizo

Wavuvi, nawageukia ninyi mwisho. Mmezoea kuketi viti vya nyuma kanisani, mkidhani hamna karama kwa kuwa hamwimbi kwaya wala hamsomi somo. Bwana aliwaita wavuvi kwanza. Mlilojifunza kwa baba zenu gizani, kusoma upepo, kukata wimbi, kumtoa mtu majini, ndilo kanisa linalolihitaji sasa. Mkikaa nalo mkafa nalo, mtaulizwa. Njoni mbele. Ninyi ndio walimu.

Na wewe mzazi: ukirudi nyumbani leo, mwite mwanao, umuulize kama anaweza kuelea. Akisema hapana, usimpige wala usimfungie. Mtafutie mwalimu kabla ya Jumapili ijayo. Usipomjua mwalimu, njoo kwa mzee wa kanisa wa mtaa wako uandikishe jina la mtoto, umri wake na mwalo ulio karibu naye. Wazee, andikeni kila jina, msimwache hata mmoja, na Jumamosi jioni muwe mmekwisha kuwapata vijana wawili wa kila mwalo, wa kiume na wa kike, watakaofunzwa na kufundisha wenzao.

Bwana aliyewatoa wote 276 majini awape mikono yenye nguvu, na asiwape usingizi mpaka kazi hii imeanza. Amina.